Kuli aliyeokota vipisi

Kinyozi amemkalisha mzee chini ya mti. Kichwa kimekwisha, kinang'aa; sasa ni zamu ya pua. Kinyozi anaisukuma ncha ya pua juu kwa kidole, anaingiza chuma chembamba tunduni na kukwangua vinyweleo taratibu. Kamera imesogea karibu mno, hata unajikuta umeshika pua yako mwenyewe. Hakuna anayefukuzwa, hakuna risasi, hakuna muziki wa kutisha. Filamu ndiyo imeanza hivyo.

Mama alikuwa akipita sebuleni na ungo wa mchele. Akasimama, akatazama, akasema, "Huyo atamkata." Kisha akakaa. Alikaa saa moja na nusu, ungo mapajani, akitazama filamu ya Senegal ya mwaka 1968 inayozungumzwa Kiwolofu, huku tafsiri ya Kiingereza ikipita chini ya skrini kwa kasi ambayo macho yake hayaiwezi. Na hata yangeiweza, Kiingereza chenyewe hana. Nilijitia kumtafsiria. Dakika ishirini hazijaisha akaninyamazisha: "We acha, naelewa. Wanamzungusha."

Ndivyo hasa. Nimesoma kurasa nyingi za wahakiki kuhusu *Mandabi*, na sikumbuki aliyeikamata filamu ile kwa neno moja kama alivyofanya Mama na mchele wake.

Mzee anayenyolewa ni Ibrahima Dieng. Hana kazi, ana wake wawili, watoto tele, na heshima yake ya mtaani anayoibeba kama kanzu lake pana, kwa madaha. Siku moja tarishi wa posta analeta hawala: faranga 25,000 kutoka kwa mpwa wake anayefagia barabara Paris. Barua imeshagawa fedha yote. Elfu ishirini amtunzie mwenyewe, elfu tatu ampe mama wa kijana, elfu mbili ndiyo ya mjomba. Elfu mbili tu. Lakini mtaa hausomi barua, mtaa umesikia kuna hawala. Dukani mchele unachukuliwa kwa mkopo, jamaa wanaanza kupita kusalimia, imamu naye anapita. Dieng anakwenda posta; posta wanataka kitambulisho. Anakwenda kutafuta kitambulisho. Wanataka cheti cha kuzaliwa, picha na stempu. Cheti kinataka tarehe ya kuzaliwa, na yeye anajua mwaka tu, tena kwa kukadiria. Anakwenda kwa mpigapicha, anaishia kupigwa ngumi ya pua, ile ile iliyonyolewa vizuri mwanzoni.

Hapo Mama alicheka hadi mchele ukamwagika. Nani kati yetu hajawahi kusimama kwenye dirisha la ofisi fulani akiambiwa kwamba karatasi ya kwanza inaitaka ya pili, na ya pili haitoki bila ya kwanza?

Ukiitazama kwa makini utamwona mtu aliyeitengeneza. Amekaa mle mle ndani ya filamu, pale posta, mwandishi wa barua za watu wasiojua kuandika. Anamsomea Dieng barua ya mpwa wake, kisha anadai ujira wake. Ousmane Sembène alikuwa na tabia hiyo ya kujipa vinafasi vidogo katika kazi zake, na si bure kwamba hapa alichagua kuwa mtu anayelipwa ili asome kwa niaba ya wengine. Kama angetaka kutueleza kwa nini mwandishi wa riwaya alishika kamera, asingepata picha iliyo wazi zaidi.

Alizaliwa mwaka 1923 Ziguinchor, kusini mwa Senegal, baba yake mvuvi. Yeye bahari haikumkubali, akipanda chombo anatapika. Shule nayo haikumkalia. Alifukuzwa akiwa bado kijana baada ya kurudishiana mikono na mkuu wa shule. Akaingia mitaani Dakar: uashi, ufundi wa magari, kibarua hiki na kile. Mwaka 1944 Wafaransa wakamwingiza jeshini. Aliporudi akaukuta mgomo mkubwa wa wafanyakazi wa reli ya Dakar hadi mto Niger, ule wa 1947 na 1948, ambao baadaye aliuandikia riwaya yake kubwa. Kisha akavuka bahari kwenda Marseille, akawa kuli bandarini.

Neno hilo kuli msomaji wa Kiswahili analijua vizuri kwa sababu ya Shafi Adam Shafi, aliyeliweka juu ya jalada la riwaya yake mwaka 1979 na kutupeleka katika bandari ya Unguja na mgomo wa 1948. Miaka ile ile, bahari mbili tofauti, migongo ile ile chini ya magunia. Wa Unguja tuliandikiwa na mtu aliyesimulia habari zao. Wa Marseille walipata bahati ya pekee: mmoja wao aliandika mwenyewe. Sembène alijiunga na chama cha wafanyakazi cha CGT, akajifundisha kusoma kwa upana katika maktaba ya chama, na baada ya kuumia mgongo kazini akapata, kwa bei hiyo, muda wa kukaa na vitabu. Mwaka 1956 akatoa *Le Docker noir*. Mwaka 1960 ikafuata riwaya ya mgomo wa reli, na jina lake likafika mbali.

Mtu mwingine angetulia hapo. Alikuwa ameshakuwa mwandishi wa kuheshimika, anaandika Kifaransa, anasomwa Paris. Alichofanya ni kurudi Afrika, akazunguka nchi moja hadi nyingine, akafika hata Congo katika zama za Lumumba, na kila alikokwenda alipiga hesabu ile ile: makuli, wafanyakazi wa reli, wanawake wa sokoni, watu wote aliowaandika, wangapi kati yao wanaweza kukisoma kitabu chake? Jibu lilikuwa karibu na sifuri. Na maisha yake yote alikiri kwamba yeye binafsi anaipenda fasihi kuliko sinema. Alikwenda kwenye sinema kama mtu anavyohama duka kufuata wateja waliko.

Mimi nadhani hapo ndipo pa kuanzia mtu akitaka kuelewa ufundi wake. Waongozaji wengi huanza na picha wanayoiona kichwani, au na filamu ya mtu mwingine iliyowakosesha usingizi. Sembène alianza na mtazamaji, tena yule asiyejua kusoma, mwenye masikio mazuri, mwenye uzoefu wa kutapeliwa. Kila alichoamua baadaye, lugha, mwendo, vitu vya kuonyesha, namna ya kumaliza, kinarudi kwa mtu huyo.

Si kwamba hakuwa na filamu zilizomgusa. Akizungumzia ujana wake, alizoea kuitaja picha ya Leni Riefenstahl ya Olimpiki ya Berlin ya 1936, kazi ya propaganda ya Kinazi, ambamo kijana wa koloni aliona kitu ambacho mwandaaji hakukikusudia: Jesse Owens, mtu mweusi, akiwaacha wazungu nyuma. Nimeifikiria sana habari hiyo. Inaonyesha kwamba alijua mapema jambo ambalo vyuo vya filamu huchukua miaka kulifundisha, kwamba mtazamaji hapokei picha kama alivyotumiwa. Anaichambua, anachukua chake.

Akiwa karibu na miaka 40, akaenda Moscow. Huko alijifunza katika studio ya Gorky chini ya Mark Donskoy, mwongozaji aliyejulikana kwa filamu tatu za maisha ya Maxim Gorky, mwandishi mwingine aliyetoka katika vibarua. Hakukaa miaka. Alijifunza kushika kamera, kupanga tukio, kukata na kuunga, akarudi Dakar.

Ni vema kukumbuka alirudi kwenye uwanja wa namna gani. Tangu mwaka 1934 amri ya serikali ya Ufaransa, inayojulikana kwa jina la waziri Pierre Laval, iliwataka watu waombe ruhusa kabla ya kupiga filamu katika makoloni yake ya Afrika, na ruhusa hiyo haikuwa ya Waafrika. Ndiyo maana Paulin Soumanou Vieyra na wenzake, walipotaka kutengeneza filamu mwaka 1955, waliitengeneza Paris. Vieyra huyo alikuja kuwa mkono wa kulia wa Sembène katika uzalishaji, na ndiye aliyeandika kitabu cha kwanza juu yake. Kwa hiyo mwaka 1963, Sembène alipoweka kamera yake barabarani Dakar na kumpiga picha mwenye mkokoteni, hakukuwa na njia iliyofyekwa.

*Borom Sarret* ina dakika kama ishirini. Mwenye mkokoteni wa farasi anaamka, anaswali, anatoka kutafuta riziki. Siku nzima anabeba watu: wa sokoni wasiolipa kwa sababu ni jirani, mama mja mzito anayewahishwa hospitali, baba aliyebeba maiti ya mtoto wake kuelekea makaburini. Vijisenti vya asubuhi anampa msimuliaji wa jadi anayeimba sifa za mababu zake mashujaa. Tumbo tupu, lakini kifua kimejaa. Mwisho anakuja kijana wa suti anayetaka kupelekwa Plateau, mtaa wa wakubwa ambako mikokoteni imepigwa marufuku. Polisi anawasimamisha. Mwenye mkokoteni anapotoa karatasi zake medali yake ya vita inaanguka, na kiatu cha polisi kinaikanyaga. Mkokoteni unachukuliwa. Yule wa suti amekwisha kutoweka. Mtu anarudi nyumbani na farasi tu, bila cha kumfungia, na mkewe anamwachia mtoto mikononi na kutoka mlangoni akiahidi kwamba usiku watakula. Filamu inakatika hapo. Anakwenda wapi? Hatuambiwi.

Nimeitazama mara nyingi, na kila mara kinachonishika ni hesabu. Sembène anataka ujue, saa kwa saa, mfukoni mna faranga ngapi. Katika *Mandabi* tunajua elfu ngapi zimetumika kabla hazijapokelewa. Katika *Xala*, ya 1975, Wazungu wanatolewa kwenye jumba la chama cha wafanyabiashara, halafu wanarudi na mikoba, na ndani ya kila mkoba mna noti zilizopangwa. Kamera inatulia mpaka uzione. Katika *La Noire de...*, mwajiri Mfaransa anakuja Dakar kumletea mama wa binti mishahara ambayo binti hakuwahi kuifaidi, na mama anaikataa bila kuigusa. Hii ni sinema ya mtu aliyewahi kulipwa kwa siku. Wasomi wa filamu hupenda kuzungumzia alama na mafumbo katika kazi zake, na yapo, lakini mimi huwaambia wahesabu kwanza noti.

*La Noire de...* ya 1966 ilikuwa filamu yake ya kwanza ndefu, kama saa moja hivi. Chanzo ni habari ndogo ya gazeti la Ufaransa: mtumishi wa ndani, mweusi, amejiua. Sembène akaiandika kwanza kama hadithi fupi, kisha akaipiga filamu. Diouana, anayeigizwa na Mbissine Thérèse Diop, anaokotwa kibarazani Dakar, mahali wanawake wanapokaa kungoja waajiri, na kupelekwa Antibes. Alidhani anakwenda kulea watoto na kutembea ufukweni. Anajikuta amefungiwa ghorofani, jiko na bafu, bafu na jiko. Zawadi aliyowapa waajiri wake alipoanza kazi, kinyago, imetundikwa kwenye ukuta mweupe mtupu. Kadiri filamu inavyokwenda ndivyo unavyoona kwamba wawili hao, binti na kinyago, wametundikwa ukuta mmoja.

Mwisho wake ndio ulionifanya nimwamini Sembène kama fundi. Baada ya kifo cha binti, mwajiri anakirudisha kinyago Dakar pamoja na sanduku na fedha. Fedha zinakataliwa. Kaka mdogo anachukua kinyago, anakivaa usoni, anaanza kumfuata yule mzungu. Hasemi kitu. Mzungu anaongeza mwendo, anavuka daraja la waenda kwa miguu akigeukageuka nyuma, na mtoto yuko pale pale, mwendo ule ule. Mtu mzima anamkimbia mtoto. Hakuna hotuba ya kupinga ukoloni inayolingana na yale mapito ya daraja. Filamu ilipewa tuzo ya Jean Vigo huko Ufaransa.

Lakini ina kasoro moja, na mwenyewe aliijua. Diouana hajui kusoma, anasema machache sana kwa sauti, ila mawazo yake tunayasikia, na tunayasikia kwa Kifaransa sanifu, kwa sauti ya mwigizaji na mwimbaji wa Haiti, Toto Bissainthe. Sauti nzuri ajabu. Si ya binti wa Dakar. Mama yangu asingeiamini hata kwa dakika moja.

Ndipo ikaja *Mandabi*. Fedha kubwa ilitoka Ufaransa, na wenye fedha wana masharti yao. Walitaka rangi, naye hakuitaka, walitaka Kifaransa. Akapiga matoleo mawili, la Kifaransa na la Kiwolofu. La Kiwolofu ndilo lililoishi. Mara nyingi hutajwa kuwa filamu ndefu ya kwanza Afrika Magharibi kuzungumzwa kwa lugha ya wenyewe, na huko Venice mwaka 1968 ikapewa tuzo maalumu ya majaji. Baada yake hakurudi nyuma. *Emitaï* ikazungumza Kidiola, lugha ya Casamance, kusini mwa Senegal; ya mwisho, *Moolaadé*, Kibambara. Kwake lugha haikuwa pambo la utamaduni. Ilikuwa sehemu ya ufundi, kama taa na lenzi. Mtu anayesema lugha yake husimama tofauti, hukasirika kwa mikono, huongopa kwa ufasaha zaidi. Mtazame Makhourédia Guèye, aliyemwigiza Dieng, anavyobadilika anapoingia ofisi ya Kifaransa: mabega yanashuka, kanzu linakuwa kubwa kuliko mwenyewe.

Lugha ilimgombanisha hata na Léopold Sédar Senghor, mshairi na rais. Filamu *Ceddo* ya mwaka 1977, yenye muziki wa Manu Dibango, inasimulia jamii iliyobanwa kati ya imamu anayenyakua kiti cha enzi, padri na mfanyabiashara wa watumwa. Ungetarajia serikali ipinge maudhui. Sababu iliyotolewa ilikuwa tahajia: serikali imeamuru neno hilo liandikwe kwa d moja, Sembène kaandika mbili. Akagoma kufuta d. Filamu ikafungiwa Senegal kwa miaka. Wapo wanaocheka kisa hiki kama ukaidi wa wazee wawili. Mimi naona kila mmoja alijua kabisa wanagombea nini: nani ana haki ya kuamua Waafrika waandikeje lugha zao. Na ukumbuke Sembène alikuwa miongoni mwa walioanzisha *Kaddu*, gazeti la Kiwolofu. Nalo lina d mbili.

Kwa *Xala* mambo yalikuwa ya kienyeji zaidi. Wakaguzi waliikata vipande kama kumi. Sembène akachapisha vikaratasi na kuwagawia watazamaji, vikieleza ni matukio gani yaliyokatwa. Huyo ndiye kuli wa CGT, hakuacha kugawa vikaratasi.

Alikuwa na neno lake la kueleza namna sinema ya Afrika inavyotengenezwa. Wafaransa huita kazi ya kukata na kuunga filamu *montage*. Yeye akasema sisi tunafanya *mégotage*, kutokana na *mégot*, kipisi cha sigara. Yaani tunaokota vipisi vilivyotupwa na wengine, tunakung'uta tumbaku iliyobaki, tunasokota sigara yetu. Kijana yeyote wa Sinza au River Road aliyewahi kupiga filamu kwa kamera ya harusi iliyoazimwa, taa za duka la jirani na mwigizaji anayewahi daladala ya mwisho, anaijua sigara hiyo. Sembène aliivuta miaka arobaini. Alianzisha kampuni yake ndogo, akabisha hodi huku na kule, akangoja. Kati ya *Ceddo* na filamu iliyofuata, *Camp de Thiaroye*, ilipita miaka 11. Hiyo ya pili aliiongoza pamoja na Thierno Faty Sow, kwa fedha za Senegal, Algeria na Tunisia bila senti ya Ulaya, na unaelewa kwa nini ukijua habari yake: mauaji ya tarehe 1 Desemba 1944, pale jeshi la Ufaransa lilipowafyatulia risasi askari wake wenyewe wa Kiafrika, waliotoka utekani vitani na kudai malipo yao. Hata hapo, tazama, kiini ni hesabu ya fedha: watabadilishiwa noti zao kwa kiwango gani?

Filamu aliyoitamani kuliko zote, ya Samory Touré, mtawala aliyepigana na Wafaransa, hakuipiga. Kipisi cha kutosha hakikupatikana.

Sitaki kumfanya mtakatifu. Wazungu wake mara nyingi ni vinyago, na hapa simaanishi kile cha Diouana; wanaingia, wanatoa ukatili wao, wanatoka. Matajiri wake Waafrika nao wakati mwingine wamechorwa kwa mkaa. Kuna sehemu katika *Ceddo* ambapo watu wanasimama kwa zamu kuhutubia kama mkutano wa kijiji, na mtu aliyezoea sinema ya kukimbizana atachoka. Ukimtetea utasema mkutano wa kijiji ndio hasa ulivyo, mrefu, na huwezi kukata maneno ya mzee. Utetezi huo naukubali nusu. Mara nyingine alikuwa tu na mengi ya kusema.

Ila wanawake wake hawakuwa vinyago kamwe. Mwaka 1965 alikaa meza moja na Jean Rouch, Mfaransa aliyesifiwa kwa filamu zake za Afrika Magharibi, akamwambia usoni kwamba tatizo lake ni kuwatazama Waafrika kana kwamba ni wadudu. Ni shutuma nzito, na Rouch ana watetezi wengi. Lakini tofauti kati ya kumtazama mtu na kumtazama mdudu unaiona ukimtazama Collé katika *Moolaadé*, aliyoitoa mwaka 2004 akiwa na miaka 81. Collé, anayeigizwa na Fatoumata Coulibaly, anawakingia wasichana waliokimbia kukeketwa. Ulinzi wake wote ni kamba ya nyuzi za rangi iliyofungwa mlangoni kwake, chini kabisa, hata mtoto anaweza kuiruka. Hakuna anayethubutu. Wanaume wanakusanya redio za wanawake, wanazirundika mbele ya msikiti na kuzichoma, na baadhi bado zinaimba ndani ya moshi. Kisha mumewe anashinikizwa amchape mbele ya kijiji mpaka aseme neno la kuifungua kamba. Viboko vinashuka. Wanawake upande mmoja wanamwambia asianguke, wanaume upande mwingine wanamhimiza mume azidishe. Collé hafungui kinywa. Msomaji wa Tarime, anayeijua mila hiyo, hahitaji kuelezwa uzito wa tukio hilo. Cannes waliipa tuzo kuu ya kitengo cha Un Certain Regard.

Alipoulizwa na watu wa Ulaya kama filamu zake zinaeleweka kwao, jibu lake lilikuwa kwamba Ulaya si kitovu chake. Kwa nini awe ua la alizeti, la kugeukia jua, wakati yeye ni jua? Kibri? Labda. Lakini aliisema kama mtu aliyezunguka vijijini na filamu zake, akakaa usiku akisikiliza watu wakibishana baada ya taa kuwashwa. Sinema, alisema mara nyingi, ni shule ya usiku. Alifariki Dakar mwezi Juni 2007.

Sisi tulimpokea mapema, ila kwa njia ya jukwaa. Amandina Lihamba aliichukua hadithi ya hawala akaifanya tamthilia ya Kiswahili, *Hawala ya Fedha*, iliyochapishwa Dar es Salaam mwaka 1980, na Dieng akazungushwa kwa lugha yetu. Filamu zenyewe hazikuwahi kupata bahati hiyo. Leo picha zake zimesafishwa, zinang'aa kama kichwa cha Dieng, lakini zinatufikia na maandishi ya Kiingereza au Kifaransa chini. Yaani mtu aliyekimbia kitabu kwa sababu watu wake hawawezi kusoma, anatufikia kwa kusomwa. Wakati huo huo, katika vibanda umiza vya Dar, tangu enzi za msemaji wa filamu Lufufu, na kule Kenya kwa akina DJ Afro, filamu za Kihindi, Kichina na Kimarekani zinasemwa Kiswahili moja kwa moja, na mate na matusi na mzaha wa mtaani. Sijui kama Sembène angependa mtu amsemee juu ya waigizaji wake. Lakini ule umati kwenye mabenchi, angeutambua mara moja.

Baada ya siku ile ya ungo niliweka *Mandabi* kwenye flashi, nikaenda kibanda cha mtaani kwetu. Mwenye kibanda alikuwa akifunga spika.

"Ya wapi?"

"Senegal."

"Ya Sadio Mané?"

"Hapana. Ya mzee mmoja ana hawala posta, wanamzungusha."

Akacheka kidogo. "Kuna kupigana?"

"Anapigwa ngumi ya pua."

"Moja tu?" Akaigeuza flashi kiganjani. "Nani kaitafsiri?"

"Hakuna. Ina maandishi."

"Kaka, watu wangu hawaji hapa kusoma. Tafuta mtu aiseme, mimi Jumatano sina mpira, nakuwekea."

Nikamuuliza msemaji mzuri anachukua kiasi gani kwa filamu moja. Akanitajia. Nikatoa simu mfukoni, nikaanza kupiga hesabu pale pale mlangoni.